Kabla ya Kugombania Silabasi, Ulizeni Cheti

Kikao cha kupanga masomo kikivunjika katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, huvunjika kwa hoja zinazosikika kama za ualimu. Mmoja anasema hesabu za hapa ni nyepesi, Kongo mtoto wa umri huu angekuwa ameshapita hapo. Mwingine anasema Kifaransa kimetupwa. Wa tatu, mara nyingi mwalimu Mmalawi, anauliza kwa upole kwa nini watu wanaoishi wilayani Dowa, ilipo kambi, hawataki watoto wao wajue Chichewa. Baada ya hapo sauti zinapanda, ajenda inasahaulika, na aliyetumwa na shirika anafunga kompyuta yake na kusema tutaendelea wiki ijayo.

Makala haya ni ya wanaokaa katika vikao hivyo: walimu, wazazi wa kamati za shule, viongozi wa jumuiya, vijana walioanzisha kozi za Kiingereza na kompyuta, na maofisa wanaotoka Lilongwe asubuhi na kurudi jioni. Ninalo jambo moja la kuwaambia, na mengine yote yanatoka humo. Ugomvi wa silabasi karibu kila mara ni ugomvi wa cheti. Watu wanabishana juu ya mada za darasani, lakini kinachowauma ni swali la wapi mtoto huyu ataishi akiwa mtu mzima, na karatasi gani itamsaidia huko.

Tazameni wanaokutana mezani. Dzaleka ilifunguliwa kuwa kambi mwaka 1994, kilomita arobaini na kitu kaskazini mwa Lilongwe, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda. Ilipangiwa watu 10,000 hadi 12,000. Sasa wamezidi 50,000. Mkongomani aliyesomea Bukavu au Uvira anajua shule ya msingi ya miaka 6, kisha sekondari ya miaka 6, na mwishoni mtihani wa taifa unaompa Diplôme d'État. Mrundi anajua kwamba tangu mageuzi ya 2013 nchini kwao elimu ya msingi ni miaka 9. Mnyarwanda aliona nchi yake ikihama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza kuanzia 2008. Mmalawi anajua sitandade 8, mtihani wa PSLCE, kisha fomu 4 na mtihani wa MSCE. Hawa wote wanapotamka neno "kiwango", kila mmoja anaona kichwani ngazi yake mwenyewe, yenye idadi yake ya vidato na mtihani wake juu.

Kwa hiyo msianze na mada. Anzeni kwa kumwomba kila mjumbe aseme, au aandike kama ni mwoga wa kusema, angependa mtoto wake amalize akiwa na cheti gani na atakwenda kukionyesha wapi. Mtasikia majibu matatu. Yuko anayengoja kurudi nyumbani vita vikiisha. Yuko anayengoja safari ya nchi ya tatu: Marekani, Kanada, Australia. Na yuko aliyekwisha kukubali kwamba maisha ni haya ya hapa, ingawa hapendi kulitamka mbele ya wenzake. Mkishayaweka wazi, mtashangaa jinsi yule aliyekuwa akipiga meza kwa ajili ya Kifaransa anavyopoa. Hakuwa anagombana na mwalimu wa Kiingereza. Alikuwa anaogopa kwamba kukubali silabasi ya Malawi ni kukubali kwamba hatarudi.

Hofu hiyo ina haki yake, na haifai kuchekwa. Lakini ukweli lazima usemwe katika kikao hichohicho: shule rasmi za Dzaleka, kama Umodzi Katubza inayosaidiwa na Jesuit Refugee Service, zinafuata mtaala wa Malawi na zinaelekea kwenye PSLCE na MSCE. Silabasi ya sitandade haiandikwi Dzaleka. Inatoka Taasisi ya Elimu ya Malawi, MIE, iliyoko Domasi, Zomba, na mitihani inatungwa na baraza la mitihani, MANEB, lenye makao yake Zomba pia. Tanzania ilichukua njia nyingine. Katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, watoto wa Kikongo wamekuwa wakisoma mtaala wa Kongo kwa Kifaransa, kwa kuwa serikali ya Tanzania imeshikilia msimamo kwamba mkimbizi asome ya kwao ili arudi kwao. Shirika la UNHCR, tangu mkakati wake wa elimu wa 2012, limekuwa likisukuma kinyume chake: mtoto aingie katika mfumo wa nchi aliyomo.

Kila njia ina gharama zake, na mimi nina upande. Cheti unachoweza kukitumia kesho asubuhi ni bora kuliko kile kinachongoja amani. MSCE inaeleweka Lilongwe leo. Tena chuo kilipoanza kuja chenyewe kambini, kwa masomo ya diploma yaliyoanza mwaka 2010 kwa njia ya mtandao pamoja na Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani, kilikuja kwa Kiingereza. Anayetaka Kifaransa kisife kwa mwanawe hakosei, ila asikitafute ndani ya silabasi ya sitandade, maana hakimo na kikao chenu hakiwezi kukiingiza.

Hapo tumefika kwenye kazi ambayo ningeiweka mbele ya zote: pigeni mstari. Chukueni karatasi kubwa, upande mmoja mwandike yaliyokwisha kuamuliwa Zomba na wizarani Capital Hill, Lilongwe, upande wa pili yale ambayo ninyi mnaweza kuyaamua. Upande wa pili utajaa kuliko mnavyodhani: chekechea, darasa la mpito la watoto wapya wasiojua lugha ya shule, kisomo cha watu wazima, kozi ya Kiingereza cha kazi, kompyuta, klabu ya Kiswahili au Kifaransa baada ya masomo, vitabu vya maktaba, na hata mpangilio wa mada ndani ya muhula. Nimeona vikao vikimaliza alasiri nzima juu ya jambo la upande wa kwanza. Hilo liandikiwe barua, basi. Na barua iwe ya heshima. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliweka masharti juu ya vifungu kadhaa, kikiwamo kile cha elimu ya umma, ikivihesabu kuwa mapendekezo tu. Anayedhani ataingia wizarani akipunga mkataba atatoka mikono mitupu. Anayeingia na matokeo ya wanafunzi na ombi moja linalotekelezeka huenda akasikilizwa.

Sasa lugha, maana hapo ndipo damu huchemka.

Wenzetu kutoka Kongo na Burundi huamini kwamba Chichewa wamewekewa wao, kama adhabu ya ugeni. Waambieni historia. Mwaka 1968 Banda aliifanya Chichewa kuwa lugha ya taifa, na Chitumbuka cha kaskazini kikaondolewa shuleni na redioni. Watumbuka wana kinyongo hicho hadi leo. Mwaka 1996 serikali iliagiza watoto wa sitandade 1 hadi 4 wafundishwe kwa lugha ya mama, agizo ambalo halikuwahi kutekelezwa sawasawa kila mahali. Kisha Sheria ya Elimu ya 2013 ikakitaja Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia. Wamalawi wenyewe hawajamaliza ubishi huu. Mkimbizi anapoingia ndani yake hajaonewa, amekuta mjadala wa wenyeji umeshika moto.

Pamoja na hayo, Chichewa ni somo la mtihani wa PSLCE. Mzazi anayeniambia, "Mwalimu, mtoto wangu asome hesabu na Kiingereza, hiyo Chichewa iacheni," ninamjibu kwamba anaomba mwanawe aingie chumba cha mtihani akiwa na somo moja pungufu. Halafu si lugha ya mbali: anayejua nyumba, moto na njala kwa Kiswahili ameshazijua kwa Chichewa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tangu 1994 siku ya tatu ilipita zamani.

Dawa ya ugomvi huu ni kuacha kuuliza "lugha gani?" kwa jumla. Gaweni swali mara tatu: lugha ya kupimwa ni ipi, lugha ya kufundishia ni ipi, na lugha ya kufafanulia ni ipi mtoto akikwama. Ya kwanza imeamuliwa Zomba, haina mjadala. Ya pili ina nafasi ndogo ya kuzungumza. Ya tatu ni yenu kabisa, na huko ndiko Kiswahili, Kinyarwanda na Kirundi vinakopata mahali bila kumnyang'anya mtu. Andikeni waziwazi kwamba katika darasa la mpito mwalimu msaidizi anaruhusiwa kufafanua kwa lugha ya nyumbani, hadi wakati gani, na mtoto awe anaweza nini kwa Chichewa na Kiingereza muda huo ukifika. Bila tarehe ya mwisho, walimu wa Kimalawi wataona mnajenga shule nyingine ndani ya shule, na hawatakosea.

Na Kiswahili chenyewe kiwekeni kama kitu cha kutoa. Mnamo Agosti 2019, mkutano wa Dar es Salaam uliifanya lugha hii kuwa lugha rasmi ya SADC, na Malawi ni mwanachama. Klabu ya Kiswahili iliyo wazi kwa watoto wa vijiji vya jirani itatuliza kinyongo kuliko hotuba yoyote ya umoja.

Nije kwa watu wanaokaa mezani. Wasomaji wa Kiswahili tunayo kesi yetu wenyewe ya kujifunza. Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kusimamia tahajia na vitabu. Kazi yenyewe ilifaa: kitabu kimoja kikaweza kusomwa Kigoma na Malindi. Lakini waliochagua walikuwa maofisa wa kikoloni na wamisionari, na watu wa Mombasa na Lamu, wenye ushairi wa karne nyingi, walipewa uamuzi ukiwa umeiva. Uamuzi umedumu, na malalamiko ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, nayo yamedumu. Sioni kama ugomvi ule ulikuwa wa Kimvita na Kiunguja kiasi hicho. Ulikuwa wa kutoitwa.

Dzaleka watu huachwa nje kwa njia ya kimya zaidi. Mkimbizi anahitaji ruhusa kutoka kambini, na tangu amri ya 2023 iliyowarudisha Dzaleka waliokuwa wakiishi Lilongwe na miji mingine, hakuna anayecheza na ruhusa hiyo. Kikao kikiitwa hotelini Lilongwe, watakaofika ni wenye kibali, nauli na Kiingereza, yaani haohao wa siku zote. Kwa hiyo fanyeni kikao kambini, ofisa ndiye asafiri. Msikiweke asubuhi ya siku ya kugawa posho, kina mama hawatakuja. Aitwe mwalimu wa sitandade 1 anayefundisha watoto wengi kupita kiasi, maana yeye ndiye atakayetekeleza, na waitwe wazazi wa watoto waliorudishwa kutoka shule za mjini, ambao wana madai yao ya pekee: watoto wao walizoea Kiingereza cha mjini na sasa wanaonekana wanaringa. Mwenyekiti asiwe mtu wa shirika linalolipa. Kumbukumbu zisomwe kwa sauti mwishoni, kwa Kiswahili na Chichewa, kabla hazijapelekwa kwa Kiingereza kwa mfadhili. Hilo la mwisho ni dogo, lakini limeokoa vikao vingi. Mtu akigundua baada ya mwezi kwamba aliyoyasema hayamo, hatakuja tena.

Mkishakaa, namna ya kuandika kiwango inaweza kuwapatanisha au kuwafarakanisha. Mkiandika majina ya mada, mtagombana, kwa sababu kila mtu anatetea kitabu chake. Mkiandika kile ambacho mwanafunzi ataweza kukifanya, ubishi unapata kipimo. Chukueni kozi ya kompyuta. Vijana wawili watatoana jasho: mmoja anataka kuanza na kuandika nyaraka, mwenzake anataka kuandika programu kwa sababu ndiko kwenye kazi za mtandaoni. Waambieni waandike sentensi. "Mwishoni mwa mwezi wa kwanza mwanafunzi aandike barua ya kuomba kazi ya ukurasa mmoja, aihifadhi na kuituma kwa barua pepe bila kusaidiwa." Ghafla kila mmoja anaona kwamba hiyo inatakiwa na wote, na kilichobaki ni nini kifuate. Kisha ijaribuni kwa wanafunzi wachache kesho yake. Wakishindwa wote, kiwango kiko juu mno. Wakiweza wote kabla ya kozi kuanza, mnapoteza muda wao.

Lile la hesabu nyepesi nalo halimalizwi kwa maneno. Tafuteni mitihani ya nyuma ya MANEB, wekeni kando yake madaftari ya watoto waliosoma Kongo, na wapeni watoto maswali ya pande zote mbili. Mara nyingi kila upande utakuta kitu cha kuheshimu. Mtoto anayekokotoa haraka anakwama kwenye swali la maneno kwa Kiingereza, na anayelielewa swali anakosea mgawanyo. Hapo mna mada mbili za kuongeza katika darasa la mpito, na hakuna aliyeshindwa.

Si kila kitu kinaingia katika sentensi ya aina hiyo. Historia haiingii, na dini haiingii.

Katika historia mna darasa moja lenye watoto ambao wazazi wao walikimbiana. Rwanda yenyewe, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, ilisimamisha ufundishaji wa historia yake shuleni kwa miaka mingi, kwa kuwa hapakuwa na maelezo ambayo mwalimu angeyatoa kwa usalama. Kamati ya Dzaleka isijione ina uwezo wa kumaliza Jumamosi moja kilichoishinda nchi. Fundisheni historia iliyo katika mtaala wa Malawi. Mkitaka kugusa ya Maziwa Makuu katika klabu au maktaba, kubalianeni kwanza juu ya mambo ambayo hayatasemwa na mwalimu mbele ya darasa: kutaja kabila la mwanafunzi, kuuliza familia yake ilikuwa upande gani, kumfanya mtoto awe shahidi. Kanuni za kukataza zinakubaliwa haraka kuliko kanuni za kuamuru, na hapa ndizo zinazolinda.

Dini ina funzo la Malawi lenyewe. Mwaka 2000 serikali ilibadilisha somo la Maarifa ya Biblia kwa somo jipya la Elimu ya Dini na Maadili, lenye kugusa dini mbalimbali. Makanisa yakapinga kwa nguvu, Rais akasimamisha somo jipya, na baada ya mjadala mrefu masomo yote mawili yakawekwa, kila moja mahali pake. Wako wanaouona mwisho ule kuwa woga. Mimi naona ulikuwa uamuzi wa busara uliochelewa, kwa kuwa waliopaswa kuulizwa mwanzoni waliulizwa baada ya maandamano ya maneno. Kama kozi yenu ya kisomo inasomesha watu wazima kwa mistari ya Biblia, na darasani mna Wasomali na Warundi Waislamu, wekeni matini mbili za ugumu uleule na mtu achague. Kiwango ni kusoma aya kumi kwa ufasaha na kueleza maana. Aya zenyewe si lazima zitoke kitabu kimoja.

Mfadhili naye ana silabasi yake mfukoni, ingawa haiiti hivyo. Anakuja na jedwali la matokeo, na linalopimwa katika jedwali hilo ndilo litakalofundishwa. Mwombeni aliweke mezani siku ya kwanza. Mashirika mengi yanadai kufuata Viwango vya Chini vya Elimu vya mtandao wa INEE, vilivyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004, na humo ushiriki wa jamii ni sharti la msingi. Kwa hiyo kumwambia ofisa kwamba kipimo chake hakifai kwa watoto wa hapa hakuna utovu wa adabu ndani yake. Mnamkumbusha kitabu chake mwenyewe. Mwambieni mapema tu, kabla fedha hazijasainiwa.

Na pale msipokubaliana kabisa? Msipige kura haraka. Dzaleka Wakongomani ni wengi kuliko wote, na kila kura itaonekana ni kura ya taifa. Andikeni uamuzi wa muda wa muhula mmoja, mwandike na hoja ya waliokataa kwa maneno yao wenyewe, si kwa muhtasari wa katibu, kisha mtaje ni matokeo gani yatawafanya muubadilishe. Aliyeshindwa leo akiona hoja yake imehifadhiwa na ina tarehe ya kurudi, atakuja kufundisha kwa moyo. Akiona imefutwa, atafundisha ya kwake mlango ukifungwa, na hakuna mkaguzi atakayejua.

Mkishatia saini, pelekeni nakala ofisi ya elimu ya wilaya Dowa, na nyingine mbandike ukutani shuleni kwa Kiingereza, Chichewa na Kiswahili kabla mwaka wa shule haujafunguliwa Septemba. Mzazi ambaye hakuweza kufika kikaoni ana haki ya kusoma kilichoamuliwa juu ya mtoto wake.